Nyota ya Burma haina jina: kuvikutanisha tena vitu vya askari wa Keya

Wazee wangu, shikamooni. Na nyinyi wenzangu, asanteni kwa kufika.

Nimeombwa nizungumzie vitu walivyotuachia askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, nami naanza na medali zenyewe. Ile medali ya fedha waliyopewa baada ya Vita vya Kwanza imechapwa ukingoni namba ya askari, cheo, jina na kikosi chake. Hata ukiikuta leo kwa sonara, inaweza kukwambia ilikuwa ya nani, ingawa jina mara nyingi limeandikwa jinsi karani Mwingereza alivyolisikia. Za Vita vya Pili walizopewa askari wetu hazikuandikwa jina. Nyota ya Burma, medali ya waliopigana Burma (leo Myanmar), ina alama ya Mfalme George wa Sita katikati na maneno "The Burma Star" yameizunguka. Nyuma ni tupu. Siku inayotoka mikononi mwa ukoo bila karatasi na bila mtu wa kueleza, mwenyewe amepotea, na hakuna mtaalamu wa London wala wa Nairobi atakayemrudisha.

Kwa sababu hiyo napata uchungu nikisikia mtu anajisifu kwamba ana nyota ishirini kabatini. Za nani?

Mfikirieni askari aliyepigana na Waitaliano kule Uhabeshi mwaka 1941, kisha akavushwa bahari pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mwaka 1944 alishuka bonde la Kabaw, huko Burma, katika mvua za masika ya Asia, kwenye matope na malaria, hadi kuuvuka mto Chindwin mwezi Desemba. Huyo alistahili Nyota ya 1939–1945, Nyota ya Afrika, Nyota ya Burma na Medali ya Vita. Zikiwa pamoja, mtu anayezijua husoma safari yake nzima bila kuuliza. Utepe wenye rangi ya mchanga ni wa Afrika. Ule wa buluu iliyokoza, wenye wekundu katikati na michirizi ya chungwa pembeni, ni wa Burma. Ukimwondolea mmoja, umemkatia safari.

Sasa mzee anafariki. Nyota moja inakwenda kwa nyumba kubwa, nyingine kwa nyumba ndogo. Kabuti linavaliwa na mlinzi wa shamba mpaka linaisha. Cheti cha kuachishwa jeshi kinabaki chini ya godoro la shangazi, na hakuna anayekihesabu kuwa mali. Ndugu zangu, katika vyote hivyo, hicho cheti ndicho chenye thamani kuliko vingine. Kina namba ya jeshi, na namba ndiyo inayoviunga vitu vyote. Itazameni pia kwenye kijiko, kwenye mkanda, kwenye kisahani cha shingoni, kwa kuwa askari walizoea kupiga namba zao kwenye vifaa.

Wako ambao hawakurudishiwa hata kijiko. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi. Walikufa watu 1,297, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Familia zao zisichoke kutafuta: majina yamo kwenye orodha za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, na kuzitazama ni bure. Wapagazi wa Vita vya Kwanza ndio walionyimwa zaidi. Tume hiyo yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Kwa ukoo wa mpagazi, barua moja iliyochakaa ni hazina.

Sisemi mnyang'anyane mirathi. Kila mtu abaki na chake, lakini viiteni vyote siku moja, kwenye arusi au hitima, vipangwe juu ya mkeka mmoja na kupigwa picha mbele na nyuma. Andikeni jina kamili, kijiji, na nani anakaa na nini, kisha kila nyumba ipate nakala. Msizisugue medali kwa majivu wala ndimu, mnafuta maandishi. Utepe uliochakaa uacheni, maana huo ndio alioushika yeye. Karatasi zikae mbali na chuma, ndani ya kitambaa cha pamba. Mfuko wa nailoni hutoa jasho, hasa huku kwetu pwani.

Na akija mnunuzi anayetaka nyota tu, mwambieni haitoki bila wenzake.

Waliokuja na vitu leo, meza iko pale nyuma. Tutapiga picha na kuandika mnayoyakumbuka. Kila mtu ataondoka na vitu vyake mwenyewe, hatubaki na kitu. Tuanze na wazee.