Pesa Imfuate Mtoto, Basi Je?

ZUHURA: Haya, tumerudi. Kaka Baraka, leo umekuja na vocha za shule, pesa ya serikali ya kumlipia mtoto shule binafsi.

BARAKA: Dada, simu yangu haipumziki. Kila mzazi wa kwetu hapa Dallas anauliza: eti serikali italipa ada ya shule binafsi? Ni kweli. Gavana wetu wa Texas, Abbott, alitia saini Mei 2025. Dola bilioni 1, kama 10,000 kwa mtoto, kuanzia mwaka wa masomo wa 2026-27.

ZUHURA: Lakini mambo haya yalianzia Milwaukee, 1990.

BARAKA: Tena kwa watoto wa maskini! Aliyeyapigania ni Polly Williams, mama mweusi, mbunge wa Democratic katika jimbo la Wisconsin. Baadaye alipoona wenye vipato vikubwa wanaingizwa, akapinga mwenyewe. Sasa tazama Arizona, 2022: kila mtoto anapewa, hata wa daktari bingwa. Na watoto wengi walioombewa mwanzoni hawakuwa wakisoma shule za umma kabisa.

ZUHURA: Yaani aliyeshiba ndiye kapakuliwa tena.

BARAKA: Usinichekeshe, tunarekodi.

ZUHURA: Sisi huku Kentucky tulipigishwa kura, Novemba 2024: pesa za umma ziruhusiwe kwenda shule zisizo za umma, au la? Jimbo hilo hilo lililompa Trump ushindi mkubwa, siku hiyo hiyo, kaunti zote 120 zikakataa. Zote! Ukienda kule milimani mashariki utaelewa. Shule binafsi ya karibu iko wapi? Shule ya umma ndiyo ajira, ndiyo chakula cha mchana, ndiyo mpira wa kikapu wa Ijumaa usiku. Vocha utaipeleka wapi?

BARAKA: Texas ilikuwa hivyo hivyo. Mwaka 2023 wabunge 21 wa Republican, wengi wa vijijini, waliuzima mpango. Abbott akaunga mkono wapinzani wao kwenye mchujo wa chama wa 2024, kadhaa wakang'oka. Ndipo sheria ikapita.

ZUHURA: Hapo hoja ilishinda au hofu?

BARAKA: Hilo tuwaachie wao. Mimi nimeshikwa na fomu. Juzi nilimsindikiza mama mmoja Mkongomani kwenye shule binafsi, jina silitaji. Ada 14,000. Hapo vocha imeshaacha pengo. Sare, juu yako. Basi la shule, hakuna. Na yeye anaingia zamu ya usiku kiwandani, anatoka saa moja asubuhi.

ZUHURA: Halafu kuna usaili.

BARAKA: Usaili na mtihani wa Kiingereza, kwa mtoto aliyetoka Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania, hata mwaka haujaisha! Mama ananiuliza, "Si walisema mimi ndiye ninayechagua?" Nikakosa jibu. Sheria haiilazimishi shule binafsi kumpokea mtu.

ZUHURA: Ya umma haiwezi kumfukuza mlangoni.

BARAKA: Haiwezi. Basi la njano linamchukua mbele ya nyumba.

ZUHURA: Kwa hiyo fomu kaiacha?

BARAKA: Ameituma, dada. Na dola 75 za maombi, zisizorudishwa, katoa mfukoni mwake.