Maibobo si jina la mtoto
Mazungumzo na wazazi na walimu, Kadutu, Bukavu

Wazazi, walimu wenzangu, asanteni kwa kufika na mvua hii.

Leo nimekuja na neno moja tu: maibobo, yaani mtoto wa barabarani. Hapa Bukavu, na kule Goma, linatutoka mdomoni bila kufikiri. Mtoto amelala kando ya soko: maibobo. Simu imepotea: ni bamaibobo. Hakuna anayeuliza huyo ni mtoto wa nani.

Na kabla ya neno hilo kuna lingine, ambalo huzaliwa nyumbani. Mama anafariki, baba anaoa tena, kitoto kinashikwa na homa, biashara inaanguka. Basi yule mtoto mkubwa anaanza kuchunguzwa. Mbona anakojoa kitandani? Mbona anaongea usingizini? Mtu ananong'ona: mulozi, mchawi. Anapelekwa kwenye chumba cha maombi, anafungishwa chakula, anapigwa, na asubuhi moja anatoka asirudi. Katiba yetu ya Kongo ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 imeweka na kifungo. Lakini ni nani kati yetu amewahi kumshitaki jirani kwa mnong'ono?

Niwaeleze jambo langu mwenyewe. Nilikuwa na mwanafunzi aliyeishi barabarani, kisha shangazi yake akamchukua. Alioga, alivaa sare, alijua hesabu kuliko wengi. Walimu tulimwita "maibobo wetu", kwa mapenzi, ndivyo tulivyoamini. Siku moja kalamu yangu nyekundu haikuonekana. Sikumtaja mtu. Niliuliza tu, "Nani ameiona?" Vichwa vyote vikageukia benchi la nyuma. Na mimi nikageuka.

Hakungoja kuambiwa. Alisimama, akafungua mfuko wake, akatoa madaftari moja moja juu ya benchi, kisha kipande cha muhogo kilichofungwa kwenye karatasi, kisha akaupindua mfuko ili tuone hauna kitu. Alifanya taratibu, kama mtu aliyezoea kazi hiyo. Alikuwa na miaka 12.

Kalamu ilikuwa ndani ya rejesta yangu.

Siku ile nilinyamaza, nikaendelea na somo. Ilinichukua wiki mbili kumwomba msamaha, mbele ya darasa lile lile, nikimwita kwa jina alilopewa na mama yake. Wenzake wawili waliuliza huyo ni nani.