Kupima moldi ya lenzi ndogo ya simu bila kuigusa, kwa maikroskopu na geji tu

Oyawore watu wangu, karibuni tena kwa karakana yetu hapa Kisumu, sahi ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua ndio linaanza kutokea upande wa Kibos, na nimeamka mapema hivi kwa sababu ambayo mtaiona tu mbele.

Leo tunapima moldi. Ebu sogeza kamera hapa... hapo sawa. Hiki kipande cha chuma upana wake ni milimita 10, na hapa juu kuna kishimo cha mviringo, upana wa milimita 6, kimesagwa na pesti ya almasi mpaka ukiinama unaona uso wako ukiwa kichwa chini. Akriliki ya moto, ile plastiki angavu kama kioo, inaingia hapo ndani na inatoka ikiwa lenzi, ile ya kubandika juu ya kamera ya simu ndio mkulima apige picha ya mayai ya viwavijeshi kwa jani la mahindi na yaonekane moja moja. Lenzi yetu upande mmoja ni bapa na upande mwingine umetuna kwa rediasi ya milimita 6, yaani kama kipande cha mpira wenye upana wa milimita 12, hiyo kwa akriliki inakupa fokasi ya kama milimita 12. Sasa sikiza hapa, akriliki ikipoa inanywea, hii tunayotumia sisi inanywea kama nusu asilimia, kwa hivyo ukitaka lenzi ya 6 moldi yako lazima iwe 6.03. Hizo mikroni 30 za tofauti, mikroni moja ni milimita ukiigawa mara elfu, ndio tunazitafuta leo, na unywele wako wa kichwa kwa kawaida ni mnene kuliko hapo.

Watu wananiuliza kila mara, si uchukue tu geji ya sindano upitishe kwa hicho kishimo umalizane na hiyo maneno. Nilifanya hivyo na moldi yangu ya kwanza kabisa. Nilikuwa nimeisaga wiki tatu, jioni baada ya jioni, nikaiweka chini ya sindano mara moja tu, nikaangalia kwa macho sikuona kitu nikafurahi. Lenzi ya kwanza ikatoka na kamstari kembamba katikati, ya pili hivyo hivyo, ya hamsini hivyo hivyo, kwa sababu akriliki inanakili kila kitu kilicho kwa moldi, haijui kusamehe. Wiki tatu zikaenda na ule mguso mmoja. Na hii yetu ni chuma kilichopikwa kikawa kigumu! Wale wanaotengeneza lenzi za ndani ya simu zenyewe, kampuni kama Largan ya Taichung kule Taiwan, kwa kazi kama hizo uso wa moldi mara nyingi ni nikeli yenye fosfori iliyopakwa juu ya chuma, kwa sababu almasi ikikata chuma moja kwa moja inaisha haraka sana, na hiyo nikeli ni laini kuliko chuma kilichopikwa. Ndio maana wanapima kwa mwanga, kwa leza inayojitafutia fokasi yenyewe nukta kwa nukta, ama kwa mashine za mistari ya mwanga ambapo ukitumia leza nyekundu ya heliamu na neoni kila mstari unahesabu kimo cha nanomita 316. Sisi hatuna hizo mashine. Tuna maikroskopu ya kuangalia vyuma, ya zamani, na tuna geji. Na kwa rediasi, niwaambie ukweli, inatosha.

Kitu cha kwanza kabisa ni usafi, na usafi hapa si kupangusa. Nikikuona na kitambaa karibu na moldi tutakosana. Chukua hii pampu ndogo ya mpira, puliza kutoka pembeni, hivi, mara tatu nne. Usipulize na mdomo, mate yanaruka hata kama huyaoni. Kama bado kuna doa, tone moja la spiriti safi, halafu tishu ya lenzi unailaza juu na unaivuta mara moja kwa uzito wake yenyewe bila kidole, unaitupa. Na sisi watu wa ziwani tuko na shida yetu, wale wadudu wadogo wanaotoka ziwani kama moshi, usiku wakiona taa wanakuja wote. Siku moja nilikaa na moldi nikiamini imeliwa na kutu kwa ukingo, kumbe ni mdudu alikuwa ameingia akakauka pale. Kwa hivyo usiku hatupimi, na moldi ikiwa haitumiki inafunikwa.

Sawa, tukuje kwa maikroskopu. Lazima iwe ile ambayo taa yake inapita ndani ya objektivu, ile lenzi ya chini inayokaribia kitu, ikishuka halafu inarudi juu humo humo, ile ya kuangalia vitu vya chuma, si ile ya shule ya kumulika kutoka chini. Hapa kwa njia ya taa nimeingiza kipande cha slaidi chenye msalaba mwembamba mweusi, na kichujio cha kijani. Objektivu ni ya mara 20, aina ya umbali mrefu, inaacha nafasi ya milimita 20 kati yake na kitu unachoangalia, na ubavuni imeandikwa 0.42. Iweke hiyo namba kichwani tutairudia.

Wazo lenyewe ni hivi. Huo msalaba utauona umekaza, yaani umeonekana wazi bila ukungu, mara mbili. Mara ya kwanza ni fokasi ikikaa juu ya uso wa moldi penyewe. Mara ya pili ni fokasi ikikaa kwa kituo cha mviringo, yaani ile nukta hewani ambayo iko umbali sawa na kila sehemu ya kishimo, hapo mwanga wote unagonga uso ukiwa wima kabisa na unarudi kwa njia uliyokujia. Umbali kati ya hizo mara mbili ndio rediasi, hakuna hesabu nyingine. Inaitwa njia ya Drysdale.

Geji yetu ni ya dijitali, inasoma mpaka mikroni moja, na ncha yake inagusa meza ya maikroskopu, si moldi. Ona vile nimeifunga, iko chini ya meza, kwa mstari ule ule ambao objektivu inaangalia. Wengi wanaifunga pembeni kwa sababu ni rahisi, halafu meza ikiinama kidogo tu kwa reli zake geji inasoma kitu kingine kabisa. Ernst Abbe, yule Mjerumani wa maikroskopu, alishasema hilo mwaka wa 1890, kipimo kikae kwa mstari mmoja na kinachopimwa, na mimi nimelijua kwa kupoteza asubuhi nyingi.

Kabla ya moldi tunapima gololi. Hii ni gololi ya beringi ya milimita 12, mpya, unaipata kwa duka lolote la vipuri, na gololi nzuri ya beringi mviringo wake ni mzuri ajabu, hata robo ya mikroni haikosei. Kwa hivyo rediasi yake tunaijua, ni 6. Hii imetuna, kituo chake kiko ndani ya chuma, kwa hivyo baada ya kukaza usoni tunapandisha meza milimita 6 zaidi na gololi inasogelea objektivu. Tuko na 20, tunabaki na 14, hatugongi. Ukiwa na objektivu ya kawaida ya milimita moja mbili hapo utaivunja, tafadhali. Haya, usoni sifuri... napandisha... msalaba unarudi... 6.001. Safi sana. Geji na macho yangu vinaaminika leo.

Sasa moldi. Hii imezama, kituo chake kiko juu, kwa hivyo tunashusha meza na hakuna hatari ya kugonga. Lakini usianze na sifuri usoni, hapo ndio wengi wanakosea. Tafuta kituo kwanza. Shusha pole pole, skrini ni ukungu wa kijani tu, shusha, shusha, unaona kunaanza kuwa na kivuli cha msalaba, hapo. Sasa sukuma moldi pembeni kidogo sana na vidole kwenye kishikio. Umeona msalaba umekimbia? Ukiisukuma kiasi, msalaba unaenda mara mbili ya hicho kiasi. Hiyo ndio alama ya kwamba uko kwa kituo kweli na si mng'ao wa vioo vya ndani ya objektivu, ule mng'ao hata usukume moldi mpaka kesho hausogei. Uulete msalaba katikati ya skrini, sasa ndio upandishe meza urudi usoni. Usoni mambo ni tofauti, hapa ukisukuma msalaba unatulia lakini mikwaruzo midogo ya kusaga ndio inapita chini yake, iangalie, ile pale. Geji sifuri. Shusha tena mpaka kituo, na kila mara ufike ukizungusha upande mmoja, ukipitiliza rudi nyuma kabisa uanze tena, usirudishe kidogo kidogo kwa sababu meno ya gia yana mwanya.

Nasoma 6.029. Rudia yote, usoni sifuri, kituo, 6.033. Tena, 6.030. 6.031. 6.032. Wastani ni 6.031, na tunatafuta 6.03. Unaniona vile nacheka peke yangu hapa! Hizo mikroni mbili mbili za kuyumba ni macho, objektivu ya 0.42 ina kina cha fokasi cha kama mikroni 3, ukitumia ile ya mara 10 ya 0.28 kina ni kama 7 na utayumba zaidi.

Na sasa ndio niwaambie kwa nini asubuhi. Watu wanafikiria moldi ndio inapanuka na joto. Moldi haina neno, rediasi ya milimita 6 joto likipanda digrii 10 inaongezeka hata mikroni moja haifiki. Shida ni nguzo ya maikroskopu, milimita 200 za chuma, hiyo kwa digrii moja tu inanyooka mikroni mbili na kitu, na saa tano hapa mabati yakianza kupiga joto hiyo nguzo inatembea ukiwa katikati ya kipimo, umeweka sifuri usoni na ukifika kwa kituo sifuri yako imeshahama. Halafu malori yanakuwa yameanza kupita, unaona msalaba unatetemeka kwa skrini. Asubuhi kila kitu kimetulia.

Turudi kwa ile 0.42. Maana yake ni kwamba objektivu inaona mpaka mteremko wa kama digrii 25, basi. Kishimo chetu kwa ukingo kabisa kina mteremko wa digrii 30, kwa hivyo zidisha 6 kwa 0.42 unapata 2.5, yaani kutoka katikati tumeona milimita mbili na nusu na ile nusu milimita ya mwisho kuzunguka ukingo hatujaiona kabisa. Mashine za bei kubwa pia zina mpaka kama huu, si shida ya maskini peke yake. Dawa ni kabari. Hii nimeikata mwenyewe ya aluminiamu, digrii 10, unailaza moldi juu yake, unatafuta msalaba upya, unapima upya, halafu unageuza moldi robo mzunguko mara nne. Kama mviringo ni wa kweli namba inabaki ile ile. Hapa napata 6.032, 6.030, 6.031, 6.033. Ukingo uko sawa.

Sasa moldi ya pili, hii naishuku kwa sababu niliisaga siku nimechoka. Ona kwa kituo, ebu sogeza kamera kwa skrini. Mstari uliolala umekaza, lakini uliosimama bado ni ukungu. Nasoma, 6.024. Shusha kidogo... sasa uliosimama umekaza na uliolala umepotea, 6.039. Mikroni 15 za tofauti. Maana yake kishimo hakijaviringika, kina rediasi mbili, kama yai. Lakini usiilaumu moldi bado, igeuze robo mzunguko kwanza. Kama kosa ni la maikroskopu, mstari uliolala utaendelea kuwa wa kwanza. Nageuza... na sasa uliosimama ndio umekaza kwanza. Kosa limefuata moldi. Ni mkono wangu ulikuwa unakandamiza upande mmoja na sikuzungusha kifaa cha kusagia vya kutosha, na lenzi ya hii moldi ingempa mkulima picha ambayo mishipa ya jani inaonekana upande mmoja na upande mwingine imefifia.

Kwa hivyo hii inarudi kwa pesti, ya mikroni 3 kwanza, na kila mizunguko ishirini nageuza moldi kwa kishikio. Ile nzuri naipaka mafuta mepesi ya mashine tone moja, naiweka kwa kikopo chake uso ukiwa juu bila kitu kuugusa, nafunika, na kwa kifuniko naandika 6.031, tarehe, na saa niliyopima. Saa ni muhimu kama namba yenyewe. Kesho saa kumi na mbili niko hapa tena na hii ya pili.