Acha Mtoto Atoe Hukumu: Hadithi na Mifano ya Kubuni katika Malezi ya Kikristo

MWALIMU: Karibuni, wasikilizaji wetu, katika kipindi cha leo kuhusu malezi ya nyumba ya Kikristo. Mimi ni mwalimu wa shule ya Jumapili na ni mzazi, na mwenzangu ni mchungaji ambaye utumishi wake umekuwa zaidi na familia. Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe.

MCHUNGAJI: Amina, Mwalimu. Asifiwe milele.

MWALIMU: Tunazungumzia hadithi, pamoja na ile mifano ya kubuni inayoanza kwa "tuseme kwamba" au "ungefanyaje kama". Naomba nianze na pingamizi ninalolisikia kutoka kwa wazazi wacha Mungu. Wanasema amri zimekwisha kuandikwa: usiibe, usimshuhudie jirani yako uongo, waheshimu baba yako na mama yako. Kwa nini basi tuzunguke na hadithi badala ya kumpa mtoto neno lenyewe waziwazi?

MCHUNGAJI: Ni pingamizi la haki, nami nisingependa mtu adhani kwamba hadithi imekuja kuiondoa amri. Lakini tuangalie Torati yenyewe ilivyoagiza. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, kuanzia mstari wa 20, mtoto anamwuliza mzazi maana ya shuhuda, amri na hukumu za Bwana. Tungetarajia mzazi aagizwe kufafanua amri moja baada ya nyingine, lakini anaagizwa asimulie: tulikuwa watumwa wa Farao huko Misri, naye Bwana akatutoa kwa mkono wenye nguvu. Swali lilihusu sheria na jibu likaanza na habari ya wokovu, kwa sababu amri humwambia mtoto la kufanya, na habari ile humjulisha ni nani aliyetoa amri na kwa nini anastahili kutiiwa. Mtoto anayezijua amri bila kuijua habari hiyo atazishika maadamu tunamtazama.

MWALIMU: Na Bwana wetu alikwenda mbali zaidi, kwa sababu mara nyingi hakuishia kusimulia. Alimaliza kwa swali, akamwachia msikilizaji hukumu.

MCHUNGAJI: Hapo ndipo ningependa tukae. Katika Luka 7, Yesu yuko nyumbani kwa Simoni Mfarisayo, naye Simoni anamdharau moyoni yule mwanamke anayelia miguuni pa Bwana. Yesu hamkemei papo hapo. Anamweleza habari za wadeni wawili wa mkopeshaji mmoja, mwenye deni la dinari 500 na mwenye deni la dinari 50, wote wakasamehewa; kisha anauliza ni yupi atakayempenda zaidi. Simoni anajibu, na Yesu anamwambia, "Umeamua haki." Ndipo anamgeukia mwanamke. Katika Luka 10 mwanasheria anauliza jirani yake ni nani, na baada ya habari za Msamaria anaulizwa yeye ni yupi kati ya wale watatu aliyekuwa jirani. Jibu linatoka kinywani mwake mwenyewe, na neno alilolitamka mtu mwenyewe ni vigumu kulikana.

MWALIMU: Wazazi wengi husimulia vizuri mpaka mwisho, kisha wanaongeza: "Umeona? Ndiyo maana nakwambia kila siku usifanye hivyo." Mtoto aliyekuwa karibu kusema jambo kutoka moyoni anajibu "ndiyo", na mazungumzo yamekwisha.

MCHUNGAJI: Mzazi huyo amemnyang'anya mtoto kazi iliyokuwa yake. Mfano wa mwana mpotevu haumalizi habari ya ndugu mkubwa: baba anatoka nje kumsihi, anasema naye, na Luka 15 inafungwa bila kutuambia kama aliingia katika sherehe au alibaki nje. Mzazi anaweza kusoma mpaka hapo na kuuliza tu, "Unadhani aliingia?" Ndugu wawili waliogombana mchana watajibu tofauti, na kila jibu litamfundisha mzazi jambo kuhusu mtoto wake ambalo maswali ya moja kwa moja yasingelitoa.

MWALIMU: Wapo watakaosema kwamba nabii Nathani alisema waziwazi. Alimsimulia Daudi habari za tajiri aliyemchukua kondoo wa pekee wa maskini, na Daudi alipowaka hasira akaambiwa, "Wewe ndiwe mtu huyo." Je, mzazi hapaswi kufanya vivyo hivyo?

MCHUNGAJI: Ningewasihi wazazi wamwige Nathani kwa tahadhari kubwa. Fikiria nani alikuwa na nguvu katika chumba kile. Nathani alisimama mbele ya mfalme ambaye alikuwa amemchukua mke wa Uria, askari wake, na kupanga Uria auawe. Hadithi ilimpa mnyonge njia ya kumfikia mwenye nguvu. Nyumbani mambo yamegeuka, kwa maana mwenye nguvu ni mzazi. Mzazi anayejua tayari kwamba mtoto amechukua pesa mezani, akaja usiku na hadithi ya mtoto aliyechukua pesa mezani, akamwacha aihukumu, kisha akamgeukia kwa kidole, ametega mtego. Mtoto huyo atajifunza kuziogopa hadithi, na mara nyingine ukianza na "hapo zamani" ataanza kujiuliza ameshukiwa kwa lipi.

MWALIMU: Na ikiwa ndugu zake wamekaa hapo wakisikiliza, imeongezeka aibu. Kwa hiyo kosa lililokwisha kutendeka lisemwe kwa jina lake, faraghani?

MCHUNGAJI: Lisemwe waziwazi, kwa upole, bila mafumbo. Hadithi itumike kabla ya jaribu kufika, au muda mrefu baada ya kosa kusamehewa.

MWALIMU: Niongeze jambo ambalo limebadilisha namna ninavyowasikiliza watoto wadogo. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, katika kazi yake ya mwaka 1932 kuhusu hukumu za kimaadili za watoto, aliwasimulia watoto hadithi mbilimbili na kuwauliza nani amekosa zaidi. Katika jozi moja, mtoto wa kwanza aliitwa kula chakula, akafungua mlango bila kujua kwamba nyuma yake kuna trei, na vikombe 15 vikavunjika. Wa pili alipanda juu ya kiti kuchukua jamu kwa siri wakati mama hayupo, akavunja kikombe 1. Watoto wadogo walielekea kusema kwamba aliyevunja 15 ndiye mwenye kosa kubwa, na wakubwa wakaelekea kutazama nia. Mzazi yeyote anaweza kutunga jozi kama hiyo leo jioni, na hukumu ya mtoto itamwonyesha jinsi anavyoielewa dhambi.

MCHUNGAJI: Pia itamrudisha mzazi ajitazame mwenyewe. Akiwa yeye hukasirika kwa kadiri ya thamani ya kitu kilichoharibika, akanyamaza kwa uongo mdogo usio na gharama, basi anamfundisha mtoto kwamba uzito wa kosa ni bei yake. Samweli aliambiwa kwamba mwanadamu huitazama sura ya nje, bali Bwana huutazama moyo. Ningesimulia kwanza ile jozi ya vikombe, nikasikiliza, kisha siku nyingine nikasoma 1 Samweli 16 jinsi Samweli alivyodhani Eliabu, kaka mkubwa wa Daudi, ndiye aliyechaguliwa kuwa mfalme. Nisingeziunganisha kwa maelezo. Mtoto akikomaa kidogo ataziunganisha mwenyewe.

MWALIMU: Tuje kwenye hadithi za kutisha, zile ambazo mtoto mwongo analiwa na mnyama mwishoni. Mwaka 2014, mwanasaikolojia Kang Lee na wenzake walichapisha utafiti uliohusu watoto wa miaka 3 hadi 7. Mtoto aliachwa peke yake na mwanasesere, akaambiwa asichungulie, kisha akasimuliwa hadithi kabla ya kuulizwa kama alichungulia. Hadithi ya mvulana aliyedanganya kuhusu mbwa mwitu haikuongeza ukweli, wala ile ya Pinocchio ambaye pua yake hurefuka akidanganya. Iliyosaidia ilikuwa hadithi ya utoto wa George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, aliyekiri kwamba amekata mti wa mcheri na baba yake akamsifu kwa kusema kweli. Watafiti walipoibadilisha hadithi hiyohiyo ili imwonyeshe akidanganya na kupata matokeo mabaya, msaada wake ulitoweka.

MCHUNGAJI: Mkristo asishangae sana. Mtoto aliyekosea anajua tayari kwamba kuna adhabu, na hofu hiyo ndiyo inayomfanya afiche. Asichokijua ni kama kuna mlango wa kurudi. Yohana anaandika kwamba tukiziungama dhambi zetu, Mungu ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu. Hadithi inayomwonyesha mtoto akikiri na kupokelewa inamfungulia mlango huo, mradi mzazi naye ampokee kwelikweli siku atakapokuja kukiri. Hii haina maana kwamba matokeo mabaya yasitajwe kamwe. Mwana mpotevu alifika kwenye maganda ya nguruwe. Lakini habari haikuishia zizini.

MWALIMU: Kuna jambo linalonikera katika hadithi ya mti wa mcheri. Ilienezwa mwanzoni mwa karne ya 19 na mwandishi wa wasifu wa Washington, Mason Locke Weems, na hakuna ushahidi kwamba tukio hilo lilitokea. Watoto wengi wamefundishwa kusema kweli kwa jambo la kubuni lililosimuliwa kama historia.

MCHUNGAJI: Hilo ni zito zaidi katika nyumba ya Kikristo. Mtoto lazima ajue ni lini tunabuni na ni lini tunasoma Neno. Tukichanganya, siku atakapogundua kwamba baadhi ya yale tuliyomwambia tuliyatunga wenyewe, atauliza kama na kaburi lililo wazi tulilitunga. Mathayo hasemi mamajusi walikuwa watatu. Anataja zawadi tatu. Luka hamtaji mwenye nyumba ya wageni akimfukuza Mariamu mlangoni. Hakuna ubaya kumwuliza mtoto anadhani Mariamu alijisikiaje alipokosa nafasi, lakini tumwambie wazi kwamba hapo Biblia imenyamaza na sisi tunawaza tu.

MWALIMU: Kwangu inatosha kufunga Biblia, kuiweka pembeni, na kusema, "Sasa tunabuni." Hata mtoto wa miaka minne huelewa.

MCHUNGAJI: Na kwa vijana, ningepunguza hadithi ndefu na kuongeza mifano ya "ungefanyaje". Danieli aliazimu moyoni mwake kwamba hatajitia unajisi kwa chakula cha mfalme, akaomba asilazimishwe, na hata akapendekeza wajaribiwe siku 10. Kijana wetu akikutana na jaribu kwa mara ya kwanza mbele ya rafiki zake wote, atakuwa na dakika moja ya kuamua. Tumpe nafasi ya kuamua mapema, akiwa ametulia mezani pamoja nasi. Kundi la WhatsApp la darasa limeanza kumdhihaki mwenzenu mmoja, nawe unaombwa uongeze picha: unaandika nini? Rafiki yako amepata mtihani kabla ya siku yake na hajakuomba chochote, ila ameuacha wazi mbele yako. Mifano mizuri ni ile ambayo mzazi mwenyewe lazima afikiri kabla ya kujibu.

MWALIMU: Hapo niongeze ile ambayo wazazi wengi huikwepa. Tuseme mtu mzima tunayemjua na kumpenda anakugusa sehemu za siri, au anakuambia kuna mchezo ambao mama hatakiwi kuujua. Mtoto afanye zoezi la kusema kwa sauti, "Sitaki, nami nitamwambia mama," na ajue majina ya watu wengine wawili au watatu wa kuwaambia kama mama hayupo. Asemeshwe kwa utulivu uleule tunaotumia kumfundisha kuvuka barabara, na aambiwe kwamba hata akinyamaza kwa hofu, kosa si lake na bado anaweza kuja kusema.

MCHUNGAJI: Asante kwa kulisema. Kanisa limelinyamazia jambo hilo mno.

MWALIMU: Mzazi mwingine anauliza: nimemweleza mwanangu kwamba muuza duka amemrudishia chenji iliyozidi, nikamwuliza angefanyaje, naye akajibu kwamba angebaki nayo. Nifanye nini?

MCHUNGAJI: Asimwadhibu, wala asimkemee kwa jibu alilotoa ndani ya mfano. Akifanya hivyo mara moja, majibu yote yajayo yatakuwa ya kumfurahisha mzazi, na hatajua tena kilicho moyoni. Aendeleze habari: jioni muuzaji anahesabu fedha, zinapungua, naye si mwenye duka, kwa hiyo anakatwa katika mshahara wake. Sasa ungefanyaje? Mtoto akibadilika, vema. Asipobadilika, mzazi aseme kwa ufupi yeye mwenyewe angefanya nini na kwa nini, amwombee, na aliache jambo hilo mpaka juma jingine.

MWALIMU: Na mtoto akimgeuzia swali, "Je, wewe ulishawahi kubaki na chenji ya mtu?"

MCHUNGAJI: Ajibu kweli, kwa kadiri mtoto anavyoweza kubeba. Kama alibaki nayo na hajairudisha, na muuzaji yule bado yupo, waende wote wawili wakairudishe.

MWALIMU: Asante, Mchungaji, nanyi wasikilizaji, asanteni kwa kuwa nasi. Mbarikiwe.