Rede ya Maji: Ndoo Mbili Zinatosha Watoto wa Mtaa Mzima

Hamjambo jamani? Karibuni uwanjani kwetu, Yombo, Dar es Salaam, leo tunacheza rede, ila ya maji. Desemba hii, shule zimefungwa, kaskazi inavuma lakini inavuma kama pumzi ya jiko la mkaa. Nina watoto kumi na wawili hapa. Wangu ni wawili tu, hao wengine nimeletewa, mama zao wameniambia "dakika tano tu, shoga" tangu saa nne asubuhi.

Kabla hamjanisema kwamba natapanya maji: ndoo mbili za lita ishirini. Basi. Nani kasahau mgao wa Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua, tukawa tunalala na madumu yamepanga foleni nje? Mimi sijasahau. Kwa hiyo hakuna mpira wa bomba hapa, na hakuna maputo. Puto la maji unajaza dakika mbili, linapasuka sekunde moja, halafu unabaki unaokota vipande vya mpira kabla mtoto mdogo hajavitia mdomoni. Na wale wenzangu tuliokuwa tunajaza maji kwenye mifuko ya rambo, ile habari iliisha Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku.

Tunatumia sponji. Watoto wanayaita mabomu, ila mimi nimekulia Mbagala, 2009 mabomu ya kambi ya jeshi yalipolipuka nilikuwepo, neno hilo kwenye mchezo silitaki. Hapa tunaita mabonge.

Sponji nachukua Keko kwa mafundi makochi, yale mabaki wanayokata pembeni. Chagua yenye unene wa inchi moja. Yenye gundi iliyokauka, tupa. Ipapase yote kwa vidole, maana pini za makochi zinajificha humo. Ifue kwa sabuni, ianike ikauke. Narudia: ikauke. Mtaona kwa nini.

Kata vipande kumi na viwili kwa kila bonge. Upana sentimita mbili, urefu kumi na mbili; kama huna rula, panga viberiti viwili na nusu. Kisu cha mkate chenye meno kinakata vizuri kuliko kisu cha jikoni. Kukata mnajua, siwachoshi.

Sasa hapa. Mpwa wangu, sogea na simu, watu wanaona kisogo changu tu. Hapa. Panga vinne chini, vinne katikati, vinne juu, kama matofali. Kamata katikati, minya mpaka kiuno kiwe chembamba kama kidole gumba. Chukua utepe wa khanga iliyochakaa, ya pamba, zungusha mara tatu, kaza, piga fundo. Kaza tena, piga fundo la pili. Vuta vipande vifunguke pande zote kama ua. Umemaliza.

Msitumie kamba ya manila. Jamani, msitumie manila. Mara ya kwanza nilikodiwa kwenye birthday, nilifunga mabonge arobaini kwa manila usiku kucha, nikajiona fundi. Manila ikilowa inateleza. Raundi ya pili tu, uwanja mzima vipande vya sponji, na katoto ka mwaka mmoja na nusu kameketi pembeni kanatafuna kimoja. Bibi yake aliniangalia... lile jicho bado naliota. Pamba ni tofauti, ikilowa inavimba, fundo linabana zaidi. Ila ufunge sponji ikiwa kavu. Ukifunga mbichi, unaona kama umekaza, kumbe umekaza maji.

Na zile tai za plastiki za mafundi umeme? Nazo nilijaribu. Ukikata mkia unabaki ncha kali, ikamkwaruza mtoto shavuni. Khanga. Utepe wa khanga. Wenye leso za marehemu bibi msiziguse, kuna mashuka mabovu.

Tuna mabonge kumi, matano kila upande. Uwanja: mchanga ndio mzuri, unakunywa maji. Kwenye sakafu ya simenti au pevingi usichezeshe, watateleza. Ndala wavue, zikilowa ni sabuni tupu. Lakini kabla hawajavua, pitisha fagio, okota vioo na mbigiri. Nimefagia asubuhi... nani kaleta hiki kizibo? Haya, toa.

Rede mnaijua, timu moja inarusha kutoka pande mbili, nyingine inakwepa katikati, kwa hiyo naenda haraka. Ndoo moja upande huu, nyingine ule, hatua kumi na mbili katikati. Kila moja nimeweka nusu, yaani lita kumi. Maji yaliyobaki, lita ishirini, yako kwenye beseni hapa katikati. Ukiongeza umbali, watoto wadogo hawafikishi. Ukipunguza, wakubwa wanaumiza. Kila ndoo inasimama na mrushaji mmoja, anachovya bonge, analikamua kidogo, anarusha. Likiwa limejaa maji chapa chapa ni zito mno.

Aliyeko katikati, badala ya kujaza mchanga kwenye chupa kama tulivyozoea, anajaza maji. Chupa ya lita moja na nusu nimeizika kidogo mchangani, hatua sita kutoka kwenye beseni. Anachota kwa kikopo kile cha mtindi, anakimbia, anamimina, huku anakwepa. Ukipigwa unatoka, mwenzako wa timu anaingia, anaendelea ulipoishia. Timu ikijaza chupa mpaka mdomoni kabla wote hawajatoka, imeshinda. Mitaa mingine wanahesabu tofauti, sibishani na mtu, rede kila uchochoro una katiba yake.

Sheria ni moja tu kwangu: mabegani kushuka chini. Ukimpiga mtu kichwani, unatoka wewe.

Haya, tayari? Moja, mbili... Subiri! Subirini, kuna bodaboda anapita. Pita kaka, pita tu, hatukurushii. Haya, anza!

Eheee! Kwepa! Mmeona huyo mdogo anavyojikunja? Rusha chini, chini! Mimina, usimwage, huyo anamim... Eh. Simamisheni. Simamisheni kwanza.

Bonge limefumuka. Mmeona? Vipande hivyo chini. Okoteni vyote, hesabuni, viwe kumi na viwili. Nani alifunga hili? Niliwaambia watu wafunge likiwa kavu.

"Shangazi, hilo ulifunga wewe."

Aa. Kweli, ni lile la jana usiku, nilifunga huku naongea na simu. Usikate kipande hiki cha video mpwa wangu, kiache, waone wenyewe. Fundo moja tu hilo, la pili nilisahau. Mawili, jamani. Kaza, fundo, kaza, fundo. Mmepata vingapi? Kumi na moja. Tafuteni cha kumi na mbili, hatuendelei mpaka kionekane... Kiko kwenye beseni, sawa. Anza!

Wakati wanaendelea niwaambie la muhimu. Mtoto wa chini ya miaka minne mkabidhi mtu mzima mmoja, ambaye hapigi picha wala hapiki. Ndoo yenye maji kidogo tu inaweza kumzamisha mtoto akiangukia kichwa. Na asibebe ndoo mtoto, lita ishirini ni kilo ishirini. Anzisheni saa kumi jioni, sio saa saba mchana. Leo mimi nimeanza mapema kwa sababu ya video na mnaona ninavyotafuta kivuli. Maji ya kunywa yawe pembeni, maana mtoto akishalowa anasahau kama ana kiu, anakunywa ya kwenye beseni.

Wamejaza! Timu ya mwembe imeshinda. Haya, raundi nyingine, badilishaneni.

Ukitaka mabonge yaliyokwisha fungwa, ninayo, elfu tano kwa kumi, mafundo mawili, narudia mawili. Nitumie ujumbe. Ukitaka kutengeneza mwenyewe sina kinyongo.

Mkimaliza, kamueni mabonge myaanike kwenye kamba ya nguo. Ukiyafungia kwenye mfuko yakiwa na unyevu, wiki ijayo yananuka kama kitambaa cha mama ntilie. Maji yaliyobaki mimi namwagia mchicha. Beseni na ndoo pindueni, hata kama mtacheza tena kesho. Mbu wa dengi anataga kwenye maji yaliyotulia, na anauma mchana. Mwaka 2019 tulimfahamu vizuri hapa mjini.

Mpwa wangu, zima sasa, simu ita... Nani karusha hilo? Nani?