Filamu Fupi ya Mwanafunzi: Mhadhiri Kabla ya Kamera

SALMA: Assalamu alaykum, wasikilizaji wetu. Tuko Langoni, Lamu, na leo tunawazungumzia wanafunzi wa vyuo wanaorudi nyumbani likizoni wakitaka kupiga filamu fupi, hali hakuna mhadhiri aliyewahi kuisoma kazi yao. Bwana Athman, kwa nini unashikilia kwamba mhadhiri atafutwe mapema?

ATHMAN: Kwa sababu kasoro nyingi za filamu huzaliwa kwenye karatasi, na huko kuzifuta hakugharimu kitu. Ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa kwa utaratibu wa kawaida hukadiriwa kuwa dakika moja. Kwa hivyo anayeleta kurasa 30 akidai filamu yake ni ya dakika 10, msomaji mzoefu atamzuia kabla hajawachosha waigizaji bure.

SALMA: Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara ya filamu na sanaa za maonyesho. Mwanafunzi wa ualimu au uhasibu kwingineko atamwendea nani?

ATHMAN: Amwendee mhadhiri wa fasihi. Aliyezoea kufundisha tamthilia hutambua mahali mgogoro unapolegea, na mahali mhusika anapotiwa kinywani maneno yasiyo yake. Mambo ya lenzi atayapata kwa mpiga picha za harusi wa mtaani kwake, na huenda akafundishwa vizuri zaidi. Muhimu ni kwamba ombi lake liwe na mpaka: mhadhiri asome skripti mara mbili, kisha atazame uhariri wa kwanza. Ukimwambia tu “naomba uwe mlezi wangu”, mtu mwenye madarasa mengi atakukwepa, nami simlaumu.

SALMA: Hapo nakupinga kidogo. Kwetu mkubwa hapelekewi masharti kama hati ya mahakama. Hubishiwa hodi, akajuliwa hali, ndipo haja ikatajwa.

ATHMAN: Hodi ibishwe, Bi Salma, lakini skripti iwe mkononi.

SALMA: Pamoja na ratiba, kwa kuwa ndiyo inayowaponza wengi hapa. Wakati wa maji kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Ukipiga tukio la gatini Jumatatu saa nne asubuhi maji yamejaa, kisha Alhamisi ukarudi saa ile ile kumalizia mazungumzo yale yale, utayakuta maji bado yanapanda, na mashua iliyokuwa sambamba na ngazi itaonekana imeshuka chini katikati ya sentensi ya mhusika. Mhadhiri aliye Nairobi hawezi kulijua hilo. Ni wewe wa kumwandikia kwenye ratiba.

ATHMAN: Na mwanga pia. Vichochoro vya mtaa wa Mkomani hapa Lamu ni vyembamba mno, jua huvifikia karibu na adhuhuri tu, saa ambayo ufukweni vivuli huyafunika macho ya waigizaji. Basi adhuhuri iwe ya vichochoroni, alasiri iwe ya pwani, na ujue kwamba karibu na ikweta jua halikawii kuzama. Sauti nayo ipangwe kuepuka nyakati za adhana, ili mtu asisimamishwe katikati ya neno.

SALMA: Vibali je?

ATHMAN: Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inahitaji leseni ya kupiga filamu. Ngome ya Lamu iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwa hivyo ruhusa itafutwe kwao. Na droni ni suala la Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Katika ofisi hizi barua ya chuo iliyotiwa saini na mhadhiri humtambulisha mwanafunzi kuliko maelezo yake mwenyewe, na hiyo ni sababu nyingine ya kumtafuta mapema. Mwenye nyumba unayoitaka naye aombwe ana kwa ana, na aelezwe wazi kwamba wanawake wa nyumbani hawatarekodiwa bila ridhaa yao.

SALMA: Na mhadhiri akikataa?

ATHMAN: Mwanafunzi amshukuru, amwombe amtajie mhadhiri mwenzake mmoja, kisha ampelekee huyo skripti ile ile ikiwa imekwisha kupunguzwa kurasa.