Roketi ya Kadibodi na Mtihani wa Daraja la Kwanza

Vijana wenzangu, asanteni kwa kuja na mvua yote hii ya Kampala. Tarehe 7 Novemba 2022 satelaiti yetu ya kwanza, PearlAfricaSat-1, iliruka kutoka Virginia, Marekani. Tangu hapo kila ninapopita naulizwa: na roketi je? Mimi nimeanzia kwenye hii niliyoishika.

Bomba lake ni lile la kadibodi wanalozungushia vitambaa. Muuza vitenge mmoja wa Kiyembe alinipa bure. Mapezi ni plaiwudi ya milimita 5, yamebanwa kwa gundi ya epoksi. Parachuti nimeishona kwa kitambaa cha mwavuli mpana.

Nayo imeundwa kwa ajili ya mtihani wa daraja la kwanza la kurusha roketi zenye nguvu. Mtihani wenyewe, kwa NAR na Tripoli, vyama vya warusha roketi vya Marekani, hauna longolongo. Unaunda roketi kwa mikono yako, unairusha kwa mota ya H au I mbele ya mkaguzi, nayo inyooke, parachuti ifunguke, irudi ikiwa bado inaweza kuruka tena. Herufi huonyesha jumla ya msukumo wa mota: ya H ina nyutoni-sekunde 160 hadi 320. Ya I hufika 640. Mota hununuliwa hukohuko kwa wenye leseni, maana haipandi ndege ya abiria. Na tafadhali sana, msichanganye baruti nyumbani. Vidole havioti tena.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo roketi nyingi hufia. Kitovu cha uzito, yaani pale roketi inapotulia ukiilaza juu ya ukingo, lazima kiwe mbele ya kitovu cha msukumo wa hewa, pale nguvu ya hewa inapoegemea, angalau kwa upana mmoja wa bomba. Langu lina sentimita 7.5. Kitovu cha hewa, bila kompyuta utakijuaje? Chora umbo la roketi kwenye kadibodi, ulikate, ulilaze juu ya ukingo wa rula. Linapotulia bila kuinama, weka alama. Njia hii ni ya kizamani, lakini ikikosea kwa kawaida hukosea upande wa usalama, ndiyo maana naipenda.

Kadibodi yangu ilitulia sentimita 67 kutoka puani. Roketi nayo, nikiwa nimeiwekea kifuko cha mchanga chenye uzito wa mota, ikatulia kwenye 64. Tofauti sentimita 3 tu! Ingeweza kupanda kidogo, igeuke, itufuate sisi tuliosimama. Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikaenda Katwe, nikanunua gramu 130 za nati, nikazigandisha ndani ya pua kwa epoksi. Nilipopima tena, kitovu cha uzito kilikuwa kimesogea hadi 59.5, yaani tofauti ya sentimita 7.5, upana mmoja kamili.

Uzito sasa ni kilo 1.43, yaani kama nyutoni 14. Mota isukume angalau mara tano ya hapo, nyutoni 70, la sivyo roketi itatoka kwenye reli ya kurushia ikiyumba.

Haya, wawili waje mbele. Kadibodi hii hapa, rula hii hapa. Tafuteni wenyewe inapotulia, halafu mtuambie.